Namna ya kukivusha kipindi chako hadi mji wa pili

Naishi Lowell, Massachusetts, mwaka wa kumi na tatu sasa. Usiku nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi mbili kila mwezi narekodi kipindi cha Kiswahili cha nusu saa kwenye kituo cha televisheni ya jamii hapa mjini. Si kipindi cha makuu. Pana meza moja, leso niliyotoka nayo Mombasa imetandikwa juu yake, mgeni mmoja, na mazungumzo. Siku nyingine tunachoma mahamri, siku nyingine tunasoma pamoja barua iliyotoka shuleni kwa mtoto tuone inataka nini.

Miaka miwili ya mwanzo kipindi kilionekana Lowell peke yake. Nina rafiki anayekaa Dracut, dakika kumi kwa gari, na kila tukikutana harusini alinitania: "Wewe ni nyota gani wa televisheni usiyeonekana?" Nikawa nacheka, lakini liliniuma. Leo kipindi kile kile kinaonekana katika miji saba, mitatu kati yake nje ya jimbo letu, na sijaongezewa hata senti. Watu wananiuliza nilifanyaje. Nimechoka kueleza kwa sauti za WhatsApp za dakika nane nane, kwa hiyo naandika hapa mara moja.

Kwanza uelewe kwa nini rafiki yangu hakunipata. Chaneli hizi za jamii hazirushwi hewani, zinapita kwenye waya wa kebo, na kila moja imezaliwa na mkataba baina ya mji na kampuni ya kebo. Sheria ya kebo ya Marekani ya mwaka 1984 iliuruhusu mji kudai chaneli za wananchi, za elimu na za serikali ya mtaa, na kudai pia ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kampuni kutokana na huduma hiyo ya kebo. Fedha hizo ndizo kwa sehemu kubwa zinazolipa kamera, taa na yule kijana anayekufundisha kuhariri. Basi chaneli ya Lowell ni ya Lowell. Ukiingia Dracut, mkataba ni mwingine, kituo ni kingine, na mtu wa kumwomba ni mwingine.

Utasema: si uweke YouTube yaishe? Niliweka. Walioangalia ni binamu zangu wa Kisauni na vijana wawili watatu. Mzee wa miaka 74 aliyekuja kwa wanawe na hana rafiki wa rika lake haendi YouTube kutafuta. Yeye ana rimoti. Anabonyeza, anabonyeza, na siku moja anasikia mtu anasema "karibuni tena nyumbani" kwa Kiswahili, kidole kinasimama. Huyo ndiye ninayemtafuta, na huyo hupatikana kwenye chaneli ya mji wake.

Kazi hii si ngeni. Televisheni ya wananchi ilianza Manhattan mwaka 1971, na mwaka huo huo George Stoney na Red Burns wakaanzisha kituo cha mafunzo katika Chuo Kikuu cha New York cha kuwashikisha raia kamera. Tangu siku za kanda, vituo vilikuwa vikipelekeana vipindi kwa posta: kanda ikishaonyeshwa mji mmoja inafungashwa, inaenda wa pili. Walikuwa na neno lao, wakiita kuzungusha kwa baiskeli, nalo limetoka kwenye majumba ya sinema. Hilo halikunishangaza. Marehemu babu yangu, aliyekulia Unguja, alikuwa akisimulia vijana waliokimbiza mikanda ya filamu za Kihindi kwa baiskeli kutoka sinema moja hadi nyingine, watazamaji wa pili wakipiga kelele kwa kuwa mkanda umechelewa. Mwaka 1986 watu wa New York wakaja na Deep Dish TV, wakakodi muda wa setilaiti, na kituo chochote chenye dishi kikavuta kipindi. Sisi leo tuna intaneti. Baiskeli imekuwa nyepesi, ila lazima awepo wa kuipanda.

Anza na mwenyeji, si na faili

Kosa nililolifanya mimi, na ninaloliona kila mtu akilifanya, ni kutengeneza kipindi kizuri halafu kukituma barua pepe kwa vituo ishirini. Nilituma kweli, ishirini na mbili. Vilijibu viwili, kimoja kuniambia nimekosea anwani.

Sababu yake ni hii. Vituo vingi vya jamii vina kanuni kwamba kipindi kilichotengenezwa nje ya mji kiombewe na mkazi wa mji huo. Mkazi anajaza fomu na kuweka sahihi yake: mimi, ninayekaa mtaa fulani, nataka kipindi hiki kionyeshwe hapa. Nami namwita mwenyeji wa kipindi. Bila yeye, barua yako inakaa kwenye rundo la barua za watu wanaotangaza dawa za kupunguza unene.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si ya kompyuta. Jiulize: nani namjua Worcester? Nani yuko Manchester, New Hampshire? Nani alihamia Portland au Lewiston kule Maine? Kiswahili kimetapakaa huku kuliko tunavyodhani. Lowell na Worcester utatukuta Wakenya, na ukienda kaskazini utawakuta ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Wabantu wa Somalia, wengi wao waliopitia kambi za wakimbizi na wenye Kiswahili chao. Huhitaji kundi. Unahitaji mtu mmoja mwenye bili ya umeme yenye anwani ya mji ule.

Mwenyeji wangu wa kwanza wa New Hampshire nilimpata msibani. Ni baba mmoja wa makamo kutoka Kivu, fundi wa matofali zamani, sasa anafanya kazi ghalani. Jamaa alikuwa amemwonyesha kwenye simu kipindi changu cha kupanda mboga ndooni wakati wa kiangazi. Akanijia na sahani yake mkononi.

"Jambo, mama. Ile muchicha unasemaka kwa televizyo, ni lengalenga?"

"Ndiyo, baba. Huko kwenu ndiyo lengalenga."

"Aa! Sasa kwa nini haukusema lengalenga?"

Nikamwambia nitasema yote mawili akiniombea kituo cha kwao. Aliniombea. Fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, tukaijaza kwa simu, mimi nikimsomea swali naye akinijibu, dakika arobaini. Tangu siku hiyo kila nikitaja kitu cha shambani au jikoni nataja majina mawili: mchicha na lengalenga, kisamvu na sombe. Hii nayo ni sehemu ya kupeleka kipindi mbali, na hakuna programu ya kuhariri itakayokufanyia.

Mwenyeji umtunze. Yeye ndiye kituo kitampigia kama pana tatizo, siyo wewe. Mwambie kila kipindi kinahusu nini kabla hajaulizwa. Kumbuka Idd yake au Krismasi yake. Akihama mji, mwombe akupatie mwingine kabla hajafunga masanduku. Mimi nilipoteza mji mmoja mzima kwa sababu mwenyeji wangu alihamia Ohio nami nikajua baada ya miezi miwili.

Kisha ongea na mratibu wa vipindi

Kila kituo kina mtu anayepanga ratiba. Katika miji midogo mtu huyo huyo ndiye anayerekodi kikao cha halmashauri usiku, anayerekebisha maikrofoni, na anayejibu simu. Hana muda. Kila unachomwandikia kiwe kifupi kiasi cha kusomeka amesimama.

Barua yangu ina mambo haya tu: jina la kipindi, lugha ni Kiswahili na kina maandishi ya Kiingereza chini, urefu, kinatoka kila baada ya muda gani, jina la mkazi anayekiombea, hakina tangazo la biashara wala muziki wa mtu, na mahali pa kukitazama kipindi kimoja cha mfano. Basi. Usimweleze historia ya maisha yako. Usimwambie jamii yenu imesahauliwa, hata kama ni kweli, maana yeye siye aliyeisahau. Muulize maswali mawili: mnapokea faili ya aina gani, na siku ya mwisho ya kuleta kipindi cha wiki ijayo ni lini?

Majibu ya maswali hayo yaandike kwenye daftari. Nina daftari la mistari, la shule, kila mji ukurasa wake. Mwenzangu ana jedwali zuri la kompyuta lenye rangi, lakini simu yake ikizima chaji haoni kitu.

Faili yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vipindi vyetu vingi vinapokataliwa kimyakimya. Hawatakuambia kibaya. Hakitaonekana tu.

Urefu. Kipindi cha nusu saa kwenye chaneli za jamii si dakika 30. Changu ni dakika 28 na sekunde 30 kamili, kwa sababu kituo kinahitaji nafasi ya matangazo yake ya mji kabla ya kipindi kinachofuata. Ukileta dakika 31, ama mtambo utakukata ukiwa unaaga, ama mratibu atakuweka saa tisa usiku ambapo hapana anayetazama. Ukileta dakika 17, hajui akupange na nani. Chagua 28 na nusu au 58, ung'ang'ane napo.

Aina. Vituo vingi ninavyoshughulika navyo vinapokea MP4 yenye picha ya H.264 (ni namna ya kuibana picha), ukubwa wa 1920 kwa 1080, fremu 29.97 kwa sekunde, fremu zikiwa zile picha moja moja zinazofanya video. Nikiitoa kwa megabiti 8 kwa sekunde, kipindi changu kinakuwa na uzito wa kama giga 1.7. Sasa nisikilize vizuri: usikitume kwa WhatsApp. WhatsApp inaisaga picha mpaka uso wa mgeni unakuwa uji. Nimeletewa "kipindi kamili" cha mega 60 na mtu aliyekasirika kwa nini kituo hakikukipokea.

Fremu. Kwetu Kenya na Tanzania televisheni inatumia fremu 25 kwa sekunde, huku Marekani ni 29.97. Dada yangu alinirekodia soko la Kongowea kwa kamera ya jirani, picha nzuri, rangi za nyanya na ndimu zinaita. Nilipoichomeka kwenye kipindi, watu walitembea kama wanaokwama kwenye matope: hatua, kusita, hatua. Dawa ni kuibadilisha picha ile peke yake kwanza kabla ya kuichanganya na nyingine, au kumwambia aliye nyumbani aweke kamera kwenye 30 tangu mwanzo. Na simu nazo zina ugonjwa wao. Simu nyingi hurekodi kwa mwendo wa fremu unaopandashuka, hivyo dakika ya kwanza mdomo na sauti viko pamoja, dakika ya ishirini mgeni anafunga mdomo na maneno bado yanaendelea. Zipo programu za bure, HandBrake ni mojawapo, zinazoweza kuinyoosha ikawa na mwendo mmoja. Inyooshe kabla hujahariri, si baada.

Sauti. Kiwango cha sauti cha utangazaji Marekani ni hasi 24, kwa kipimo kiitwacho LKFS. YouTube yenyewe inazunguka hasi 14. Maana yake, faili uliyoitengenezea YouTube ikienda kwenye kebo kama ilivyo, inapiga kelele kuliko kikao cha halmashauri kilichotangulia, na mzee aliyekuwa amesinzia anaruka kutoka kitini. Programu yako ya kuhariri ina kipimo hicho mahali fulani, mwombe fundi wa kituo chako akuonyeshe mara moja. Na vua bangili. Nasema kwa akina mama: kila ukigonga meza, bangili zinasikika kuliko maneno.

Maandishi. Chaneli nyingi za jamii bado zinabebwa kwa picha ya ubora wa zamani hata kama wewe umerekodi vizuri, kwa hiyo herufi ndogo zinageuka sisimizi. Mimi naandika kwa herufi nene, nyeupe zenye kivuli cheusi, mistari miwili isiyozidi, na sizisogezi pembezoni mwa kioo maana televisheni nyingine hukata kingo. Maandishi ya Kiingereza usiyadharau. Mwanzoni niliona ni kujipendekeza, kipindi ni cha kwetu, wao yawahusu nini? Lakini mratibu asiyeelewa neno hata moja hawezi kuweka sahihi kwamba hakina matusi. Tena wajukuu wetu wanasoma yale maandishi huku wakimsikiliza bibi, na nimeambiwa na zaidi ya mmoja kwamba ndivyo wanavyojifunza.

Jina la faili. Herufi na namba tu. Usiweke nafasi, usiweke alama ya ritifaa. Nilipata kuandika "Ng'ombe na Maziwa MWISHO mpya 2" na mtambo wa kituo kimoja ukaikataa kwa ajili ya kile kialama cha ng'ombe. Nilisoma barua ya kukataliwa nikacheka peke yangu kwenye basi. Siku hizi naandika jina la kipindi, namba ya toleo, na urefu, yote yameunganishwa kwa kistari cha chini. Na usiandike neno "mwisho". Halijawahi kuwa la kweli.

Yasiyotakiwa ndani

Biashara. Unaweza kushukuru: kipindi hiki kimesaidiwa na duka fulani la mtaa fulani. Huwezi kusema njooni mnunue, wala bei, wala punguzo. Nililijua hilo, mgeni wangu hakulijua. Fundi cherehani, mcheshi, tulizungumza nusu saa nzuri sana juu ya kushona suti ya kitenge kwa hali ya hewa ya baridi, na dakika ya mwisho akaikodolea kamera macho: "Dola themanini tu, na wewe ukileta mwenzio, sabini!" Hapa Lowell walinijua wakaniambia nikate. Mji wa pili hawakuniambia kitu, walikitupa. Tangu hapo, kabla taa hazijawashwa, namwambia mgeni: bei zako sema nje mlangoni.

Muziki. Wimbo wa taarabu uliouweka kwa kuwa unaupenda una mwenyewe. Kwenye fomu ya kituo wewe ndiye unayetia sahihi kwamba una ruhusa ya kila kilichomo, na kipindi kikienda miji saba umetia sahihi mara saba. Nilimwomba kijana mmoja wa hapa anayepiga udi anirekodie sekunde arobaini za kuanzia na ishirini za kumalizia, akaniandikia karatasi ya ruhusa inayosema popote na wakati wowote. Nilimlipa kwa biriani. Angalia pia milio ya simu na redio inayosikika jikoni kwa mtu. Hiyo nayo ni muziki wa mwenyewe.

Tarehe. Lo! Hapa nina aibu yangu. Nilitangaza mwisho wa kipindi: "Jumamosi hii saa nane tukutane ukumbini, chakula kipo." Lowell ilikuwa sawa. Mji mwingine walikionyesha wiki sita baadaye, na familia mbili ziliendesha gari theluji ikianguka, saa nzima, zikakuta ukumbi umefungwa na mlinzi asiyejua lolote. Mama mmoja alinipigia simu akiwa bado pale mlangoni. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, wali uko wapi?" Sasa kipindi kinachosafiri hakina leo, kesho, juzi wala "mwezi huu wa Ramadhani". Yenye tarehe nayaweka kwenye nusu dakika ya mwisho ya nakala ya Lowell, na nakala ya kusafiri ina salamu mahali pake. Hiyo ni faili mbili badala ya moja, dakika kumi za kazi.

Ruhusa ya mgeni kusafiri

Hili ni zito kuliko mengine yote. Fomu ya ridhaa tunayomsainisha mgeni mara nyingi inasema kituo kinaweza kumwonyesha. Mgeni anapoweka sahihi anafikiria Lowell. Anafikiria watu wanaomwona dukani kila siku. Hafikirii Maine, na hafikirii kwamba faili ikishaingia kwenye mtandao wa kubadilishana vipindi, kituo chochote kinaweza kuishusha.

Nilimkaribisha mama mmoja aliyezungumza juu ya safari yake ya kufika hapa. Alizungumza kwa utulivu, nami nilidhani ndicho kipindi bora nilichowahi kufanya. Wiki moja baadaye, nikiwa nakipakia kwenda miji mingine, nilimpigia kumpa habari njema. Akanyamaza. Kisha akaniambia, "Dada, kesi yangu bado iko mahakamani, na aliyenifanya nikakimbia ana ndugu zake katika mji mmoja wa hiyo uliyoitaja." Nilisimamisha kila kitu. Kilibaki Lowell, kikaonyeshwa mara moja, nikakiondoa. Hata hiyo mara moja, sasa hivi nisingeionyesha.

Kwa hiyo fanya hivi. Mbali na fomu ya kituo, uwe na karatasi yako ya Kiswahili yenye maswali matatu, na umsomee mgeni kwa sauti kabla hajakaa: Unakubali uonekane katika mji huu? Unakubali uonekane katika miji mingine, nikikutajia? Unakubali uwekwe kwenye intaneti ambako mtu yeyote duniani anaweza kukuona? Kila swali na jibu lake. Anaweza kusema ndiyo, ndiyo, hapana. Mwachie pia simu yako, umwambie akibadili nia usiku wa manane akupigie. Watoto wakionekana, ridhaa ni ya mzazi, na mzazi awe anaelewa anachotilia sahihi.

Kukipeleka

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni mkono kwa mkono: flashi ndani ya bahasha, jina la kipindi limeandikwa juu ya flashi yenyewe, maana bahasha hutupwa. Vituo viwili vyangu bado vinapenda hivyo, na mwenyeji akiipeleka mwenyewe anafahamika kwa uso. Ya pili ni kiungo cha kushushia faili, unachokipeleka kwa barua pepe; hakikisha hakifungwi baada ya siku saba, maana mratibu anaweza kukifungua siku ya nane. Ya tatu ni mitandao iliyojengwa kwa kazi hii hii. Upo PEGMedia, ambako mtayarishaji anapakia na vituo vya nchi nzima vinashusha, na Vermont wana mtambo wao wa kubadilishana baina ya vituo vya jimbo hilo. Mara nyingi kituo chako kina akaunti tayari, kwa hiyo muulize fundi wako akupakie au akuongeze.

Onyo dogo kuhusu mitandao hiyo. Ukishapakia pale, yeyote anaweza kukuchukua, na hutajua isipokuwa umeangalia. Ni jambo jema kama mgeni alisema ndiyo kwa swali la pili, mji wowote. Kama alikubali miji uliyomtajia tu, tumia njia mbili za kwanza.

Kwenye maelezo ya kipindi usiandike "kipindi kizuri cha jamii ya Waafrika". Andika kilichomo: namna ya kupanda mchicha ndooni katika nchi ya baridi, Kiswahili, maandishi ya Kiingereza. Mratibu wa mji usio na Mswahili hata mmoja aliwahi kukichukua kipindi hicho kwa sababu ya ndoo. Wana klabu ya bustani.

Usiache kufuatilia. Tuma toleo kwa siku ile ile ya wiki kila mara, na likikosekana sema mapema. Vituo husamehe picha mbaya kuliko pengo kwenye ratiba. Mwombe mratibu akutumie saa za kuonyeshwa, kisha uwapelekee wenyeji wako. Mwenyeji wangu wa New Hampshire anaandika saa hizo kwa kalamu nene na kubandika kwenye mlango wa friji, na nakala nyingine dukani kwa Mnepali anakonunua mchele.

Na wewe pokea

Nimekuwa mwenyeji pia. Kuna akina baba wa Maine wanaotengeneza kipindi chao cha Kiswahili cha Kongo juu ya kazi, leseni ya udereva na mpira, nami kama mkazi wa Lowell ndiye niliyekiombea nafasi hapa. Fomu yao niliijaza mimi. Sauti yao ilikuwa juu mno, nikawapigia simu kuwaambia habari za hasi 24, wakadhani ninawatania kuhusu baridi.

Kinaonyeshwa Jumanne saa kumi na mbili jioni, mara baada ya changu. Mratibu wetu ndiye aliyetuweka pamoja, kwa hiyo Kiswahili kinapata saa nzima mfululizo. Wiki hii nina faili yao mpya, giga 1.6, dakika 28 na sekunde 29. Inapungua sekunde moja, nitawaongezea picha nyeusi mwishoni kabla sijaenda shifti.